MiG ya babu ilikuwa ikivuta kushoto

Wadau, leo nawapa habari ya majigambo yangu mwenyewe, niliyoyatoa usiku mmoja wa baridi na ambayo yamenichukua miaka saba kuyalipia.

Mwaka 2018 nilikuwa kuruta kule Mtabila, Kasulu, 825 KJ, natumikia JKT kwa mujibu wa sheria kama wenzangu tuliomaliza kidato cha sita mwaka ule. Kwa wasiopajua, Mtabila iko kwenye nyanda za juu za Kigoma. Ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa Desemba 2012. Mchana vumbi jekundu, usiku baridi ya kukufanya umkumbuke mama. Sasa usiku mmoja niko lindo na mwenzangu wa kombania moja, kijana wa Kiha ambaye kwa bahati ya ajabu alikuwa amepangiwa kambi ya jirani na kwao kabisa. Katika kufukuza usingizi akaniambia babu yake alikuwa fundi wa ndege za kivita, MiG-21, Ngerengere na baadaye Mwanza wakati wa vita vya Kagera.

Mimi bila hata kupepesa macho nikamjibu: "MiG-21? Mbona hiyo naijua kuirusha."

Akanyamaza kwanza. Halafu: "Kuirusha vipi?"

Nikamweleza simuleta ni nini. Kwamba kuna programu ya kompyuta ambamo kila swichi ya chumba cha rubani ipo na inafanya kazi, unawasha injini hatua kwa hatua, unaruka, unatua, na kwamba rubani wa kweli akikalishwa pale hataona tofauti. Hiyo sentensi ya mwisho niliitoa mfukoni, sikuwa nimewahi kuongea na rubani yeyote. Jamaa akaichukua kama ilivyo. "Basi siku moja utakuja umwoneshe babu," akasema. Nikasema haina shida. Ukiwa lindo saa nane usiku kila kitu hakina shida.

Niseme ukweli nilikuwa najua nini. Utotoni kaka yangu alikuwa na kompyuta iliyochoka na nakala ya IL-2 Sturmovik, mchezo uliotoka mwaka 2001, na huo ndio ulionitoa ujinga wa kudhani ndege ya zamani ni gari lenye mabawa. Ukisukuma mafuta yote kwa pupa, pua inageukia kushoto na unajikuta majanini kabla hata mkia haujanyanyuka. Baadaye nikapata Cliffs of Dover ya mwaka 2011, ambamo kuna Hurricane, na humo nikajifunza kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Ukiwa unamfukuza Mjerumani na yeye akatumbukiza pua chini ghafla, ukimfuata vilevile injini yako inakohoa na kukata. Sababu ni kabureta. Mafuta ndani yake yanarushwa juu, kama chai ndani ya kikombe basi linapoingia shimoni, na injini inakosa kitu cha kunywa. Messerschmitt ya Mjerumani ilikuwa inapuliziwa mafuta moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo yeye anaondoka zake. Marubani wa Kiingereza walijifunza kuipindua ndege mgongo chini kwanza ndipo wavute. Mwaka 1941 mhandisi mmoja mwanamke, Beatrice Shilling, akapunguza tatizo kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu. Kitu kama washa tu! Na simuleta inakuonesha yote hayo mezani kwako, ukila karanga.

Hurricane ina bahati, wenyewe waliandika. Hata mmoja aliyeanzia hapa hapa Bongo aliandika. Roald Dahl, yule wa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa Shell Dar es Salaam. Vita vilipoanza mwaka 1939 akaendesha gari mpaka Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, akafundishwa kwenye Tiger Moth huku urefu wake ukimpa taabu ndani ya kiti. Septemba 1940 akaanguka na Gladiator jangwani Afrika Kaskazini, nusura afe, na Aprili 1941 yuko angani Ugiriki ndani ya Hurricane ambayo alikuwa ameirusha saa chache mno. Kitabu chake Going Solo kilitoka mwaka 1986. Ongeza hapo vitabu vya maelekezo ya marubani, ripoti za majaribio, na Hurricane chache ambazo mpaka leo zinaruka kwenye maonesho Ulaya. Mtengeneza simuleta akitaka kujua kama kazi yake iko sawa, ana pa kuuliza.

MiG-21 nayo si yatima. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na India imestaafisha za mwisho Septemba 2025 tu. Ile niliyokuwa najigamba nayo ni MiG-21bis ya kwenye DCS, iliyotoka mwaka 2014, na kwa haki kabisa ni kazi ya heshima. Ila waliouliza waliuliza huko kwao. Sijawahi kusikia mtu aliyekuja kuuliza Ngerengere.

Basi, Juni 2025 kazi ikanipeleka Kigoma, na yule mwenzangu, ambaye siku hizi ni mwalimu, akanikumbusha deni. Nikaazima kompyuta mpakato ya kuchezea michezo, ile mizito yenye taa taa, nikaweka na joystiki yangu kwenye begi. Kutoka Dar mpaka Kasulu kwa basi nimeipakata kama mtoto mchanga.

Tukafika kwa babu, kijiji ambacho kutoka uani unaweza kusikia makuruta wa Mtabila wakiimba mchakamchaka upepo ukikaa vizuri. Nikampa shikamoo, nikainama na kupiga makofi kama nilivyofundishwa na Waha wenyewe, salamu ikaenda mbali kidogo maana kule salamu haikimbizwi. Kisha akanitazama. "Wewe ndiye rubani?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Uani jua lilikuwa kali, kioo hakionekani, ikabidi tuingie sebuleni na kufunga madirisha. Watoto wa jirani wakajaa mlangoni. Nikawasha. Ndege ilipotokea kwenye kioo, babu akasogea, akaitazama kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akasema: "Hii si ya kwetu."

"Ni MiG-21, babu."

"Nimeona. Hii ni bis. Mgongo wake mnene. Za kwetu zilikuwa MF."

Dakika ya kwanza hiyo, nimeshakamatwa. Ni kweli, bis ni mdogo wake MF, ina injini yenye nguvu zaidi na mafuta zaidi kidogo kwenye ule mgongo. Nikamwingiza kwenye chumba cha rubani. Maandishi yote ya Kirusi, maana naichezaga hivyo kwa mbwembwe, na nusu yake huwa nayakariri kwa mahali tu. Babu akaanza kuyasoma kwa sauti. Alipelekwa Urusi kusomea kazi akiwa kijana mdogo, na mpaka leo magurudumu anayaita "shassi" na flapu anaziita "zakrilki", kwa lafudhi ya Kiha. Akanipitisha swichi kwa swichi, betri kwanza, pampu za mafuta, na kila niliyobonyeza ikaitika alivyotaka. Injini ilipoanza kuvuma akatikisa kichwa. "Hapo wamejitahidi."

Tatizo la kwanza lilikuwa breki. MiG-21 haina usukani kwenye gurudumu la mbele, linazunguka lenyewe tu kama la toroli ya dukani. Unapotaka kukata kona chini unaminya mkono wa breki ulioko kwenye fimbo ya kuongozea, hewa iliyoshindiliwa inaingia kwenye breki, na pedali za miguuni ndizo zinazoamua gurudumu lipi libanwe zaidi. Babu akashika joystiki yangu, vidole vikatafuta mkono wa breki, havikupata. Nikamwonesha kitufe.

"Kitufe?" Akanitazama kwa huruma. "Breki hii haibonyezwi, inaminywa. Unaminya, unasikia psss, unaachia. Ukiikamata yote umepasua tairi, na mimi silali."

Programu yenyewe inajua kuminya kidogo kidogo, hilo niliitetea, ni kifaa changu cha bei rahisi ndicho kisichojua. Lakini huko ndiko simuleta zote zinakoishia hata ukiwa na fedha, kwenye mkono. Spitfire za mwanzo, zilizokuwa na vitambaa kwenye vile vipande vya mabawa vya kulalia upande, zikikimbia sana fimbo ilikuwa nzito kama imechomelewa, rubani anasukuma kwa mikono miwili. Mwaka 1941 wakaanza kuweka za bati. Kwenye kompyuta, fimbo ya Spitfire na ya MiG ni plastiki ileile yenye springi ileile. Programu inachoweza kufanya ni kuchelewesha ndege kwenye kioo ili ujue kwamba "mkono wako umeshindwa", wakati mkono wako wala haujatoka jasho.

Kutua sasa. Kati ya ramani nilizonazo hakuna yenye Mwanza, nikatumia Kandahar ya Afghanistan, ambayo iko mita 1,000 na ushee juu ya usawa wa bahari, si mbali na Mwanza yenye kama 1,150. Nikapanga na joto. Nikaja vizuri kabisa, nasema moyoni leo ndiyo leo, na nilipokuwa juu ya uwanja kimo cha nyumba nikarudisha mafuta yote nyuma kama ninavyofanya kwenye ndege nyingine. Ikaporomoka kama gunia la maharage. Puu! Shassi imevunjika, cheche, watoto mlangoni wanashangilia.

Babu alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akanieleza, na hapa naomba mnielewe kwamba mzee hajawahi kugusa simuleta maishani mwake. MiG ile ina mabawa madogo, hivyo waliipa ujanja. Flapu zikishuka zote, hewa inachukuliwa kutoka kwenye injini na kupulizwa juu yake ili mabawa yabebe zaidi. Ukizima injini umezima na upepo, na mabawa yanakuachia hapohapo. Kwa hiyo mafuta hayarudishwi yote mpaka magurudumu yaguse ardhi. Simuleta hilo inalo, ndilo lililonivunja. "Hii wameipata," akasema kwa sauti ya mtu aliyeshangaa. "Hii wameipata kabisa."

Na lile la hewa nyepesi pia walikuwa wamelipata. Kule juu, kipimo cha mwendo kinakwambia namba ileile ya pwani, lakini ardhi inapita kwa kasi zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Mimi hayo nayajua kwa hesabu. Yeye anayajua kwa breki: ndege zilipohamia Mwanza, breki zilirudi zimeungua kuliko za Ngerengere, na parachuti ya nyuma ilikuwa haisahauliki hata rubani awe na haraka gani. "Rubani atakwambia nimetua vizuri," akasema. "Sisi tulikuwa tunakwenda kutazama tairi."

Hadi hapo nikawa nimevimba kichwa. Nikasema kimoyomoyo, kumbe sikudanganya sana. Ndipo babu akaniambia: "Haya, leta nyingine."

Nikabadilisha namba ya ubavuni na rangi, nikaruka tena. Akatazama kimya, mkono kidevuni, mpaka nilipotua (safari hii nikaacha mafuta yake). "Ni ileile," akasema.

"Ndiyo babu, zote ni MiG-21."

"Hapana. Nasema ni ndege ileile."

Ilinichukua muda kumwelewa. Kwao, kila moja ilikuwa na tabia yake. Moja ilikuwa ikivuta kushoto kila ikifunga breki. Wakabadilisha breki, wakabadilisha tairi, wakapima hewa, ikakaa siku mbili, ikarudi kushoto. Nyingine injini yake ilikuwa nzito kuamka, rubani anasukuma mafuta halafu anasubiri kuliko ilivyoandikwa. Nyingine ilikuwa ikienda na bawa moja limelala kidogo, na rubani mmoja tu ndiye aliyeipenda. Marubani walizijua kwa namba, na kulikuwa na asubuhi ambazo mtu alichelewa kifungua kinywa makusudi ili asiangukiwe na ile ya kushoto. Zote zilitoka kiwandani sawa. Zilianza kutofautiana zilipogongwa, zilipofunguliwa na kufungwa, zilipopewa kipuri cha mwenzake kwa sababu kipya kilikuwa bado baharini.

Jamani, miaka yote hiyo nasoma mabishano kuhusu simuleta ipi ina ndege halisi zaidi, na hoja ni zilezile: inakata kona kwa sekunde ngapi, inapanda mita ngapi kwa dakika, grafu hii na grafu ile. Hizo ni namba za ndege ya kitabuni. Simuleta inairusha ndege ya kitabuni kwa uaminifu mkubwa, na hiyo ndiyo ndege pekee ambayo Mwanza haikuwepo. Watengenezaji wengine wameanza kuliona hili. Waliotoa F-4E Phantom ya DCS mwaka 2024 wameingiza uchakavu wa vipuri ndani ya ndege, na nawavulia kofia. Lakini uchakavu wa kubahatisha kwa hesabu ni jambo moja, na ile ya kushoto ni jambo jingine. Ile ya kushoto ilikuwepo.

Kompyuta ikaanza kulia betri inakwisha. Hizi programu hazimalizi saa nzima bila umeme. Babu akauliza imekuwaje, nikamwambia. Akasema hata MiG ilikuwa hivyohivyo, bila matangi ya nje saa haiishi, rubani anaanza kuwaza mafuta kabla hajaanza kuwaza adui.

Hapo uandishi wangu ukaniwasha, nikauliza nilichokuwa nimekificha tangu asubuhi. Novemba 1978, mwanzoni kabisa mwa vita, ndege zetu tatu za MiG zilidunguliwa kule Mara na askari wetu wenyewe waliodhani ni za Amin. Nikauliza kama alizifahamu.

Aliweka joystiki juu ya meza, taratibu, kama kitu kinachovunjika. Akasema anakwenda kuangalia mbuzi.

Mbuzi waliangaliwa karibu nusu saa. Aliporudi hakukaa. Akanyoosha kidole kwenye kioo, ambako ndege yangu ilikuwa imesimama na ndege nyingine ya kompyuta ikipita angani na jina lake limeandikwa juu kwa rangi. "Hayo maandishi," akasema, "nani anayaona?"

"Mimi, babu. Ili nijue huyu ni wetu au ni wao."

"Na aliye chini?"

Sikuwa na jibu, na kabla sijalitafuta kompyuta ikazima.

Usiku tulikula ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, akarudi kuwa mchangamfu, akasimulia Urusi, theluji, na jinsi alivyoikimbia supu moja baridi ya rangi ya damu. Nikalala nikiwa na furaha kwa sababu siku nzima nilikuwa nimerekodi. Mwandishi mzima!

Rafiki zangu, nilifika Kigoma mjini kwanza ndipo nikasikiliza. Nilikuwa nimerekodi kwa programu ya kompyuta inayonasa kioo, na inanasa sauti ya mchezo peke yake. Nina dakika 52 za injini ya R-25 ikivuma vizuri sana. Breki zinasikika psss. Babu hayumo hata neno moja.

Nilimpigia mjukuu wake, nikarudi Kasulu kwa gharama zangu, safari hii na kinasa sauti chenye betri mbili. Babu akanikaribisha, akanipa kiti, akasikiliza ombi langu lote. Akasema: "Mambo hayo nilikwisha kuyasema siku ile." Nikambembeleza. Akanipa habari za bei ya maharage. Nikajaribu kupitia kwa bibi, bibi akasema huyo akishasema ameshasema. Kwa hiyo mlichosoma hapa ni nilichokumbuka, na nilichokumbuka nimekilinganisha na vitabu pale vitabu vilipo. Kwa ile ya kushoto hakuna kitabu, na namba yake ya ubavuni aliitaja mara moja tu, mimi nikiwa nahangaika na kitufe cha breki.

Sasa usiku nikishafunga kazi naweka Kandahar, naweka joto, naibana breki ya kushoto kidogo zaidi ya kulia kwa makusudi, kwa mguu, kila ninapotua. Nataka kujua rubani alikuwa anafanya nini na mkono wake wa pili wakati inaanza kuondoka. Mpaka jana nimetoka nje ya uwanja mara kumi na moja, zote upande uleule.